Sindano Ilitangulia Katheta: Historia ya Damu Inayobana Moyo



Tarehe 16 Septemba 1977, mu hopitali ya chuo kikuu ya Zürich, Uswisi, mganga Mjerumani Andreas Grüntzig alipitisha katheta yenye puto dogo mu mshipa wa paja la mgonjwa, akaipandisha mpaka kwenye mshipa unaolisha moyo, akalijaza puto, akalitoa. Pale palipokuwa pamebanana, damu ikapita. Mgonjwa na mganga wote wawili walikuwa na miaka 38. Kifua hakikupasuliwa, na mgonjwa alikuwa macho muda wote.

Hiyo ni sehemu ambayo kila mwanafunzi wa udaktari anaisikia. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba siku ile wapasuaji walikuwa wamejiweka tayari. Grüntzig alitaka hivyo mwenyewe, juu alijua mshipa wa moyo ni kitu chembamba, milimita 3 hivi, na puto lingeweza kuuziba kabisa ama kuupasua. Ukiziba, misuli ya moyo inakufa. Ukipasuka, damu inamwagika kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na moyo unabanwa na damu yake wenyewe.

Leo nataka tuzungumzie hatari hii ya pili, historia yake na historia ya dawa yake. Kuna jambo moja ambalo ukiliona hutalisahau: karibu kila kitu kinachomwokoa mgonjwa wa namna hii kilivumbuliwa zamani, na watu wengine, kwa ajili ya magonjwa mengine. Katheta iliingia mu nyumba iliyokuwa imeshajengwa. Kwetu huku, tunaosubiri mashine zifike, mara nyingi tunahesabu mashine na kusahau nyumba.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mfuko. Moyo haukai wazi kifuani. Umefunikwa na mfuko mgumu kidogo, waganga wanauita perikardi, na ndani yake kuna maji machache tu ya kulainisha. Mfuko huu unaweza kutanuka, lakini paka polepole. Mtu wa kifua kikuu anaweza kukusanya lita nzima ya maji mule ndani kwa wiki nyingi, na bado akatembea mwenyewe mpaka hopitali, akihema. Damu inayotoka kwenye mshipa uliopasuka haitoi nafasi hiyo. Mililita 150 ama 200, pungufu ya glasi moja ya chai, zikiingia kwa dakika chache zinatosha kuua. Moyo unashindwa kujaa, na usipojaa hauna cha kusukuma. Shinikizo la damu linaanguka, mishipa ya shingo inavimba, ngozi inapoa. Njo kusema mtu anakufa kwa kukosa nafasi, hata kama damu aliyopoteza ni kidogo sana.

Mwingereza Richard Lower alieleza jambo hili mwaka 1669, na Mwitalia Morgagni alilirudia kwa undani mwaka 1761. Jina tunalotumia leo, tamponadi, lilitolewa na mpasuaji Edmund Rose mwaka 1884. Kwa hiyo waganga walijua ugonjwa zaidi ya miaka 100 bila kuthubutu kuugusa. Moyo ulikuwa mahali pa kuheshimiwa. Mtu aliyeuchoma alionekana kama muuaji.

Aliyethubutu mapema alikuwa Francisco Romero, mganga wa Hispania, mwaka 1801: alifungua njia kati ya mbavu na kutoa maji. Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, akafuata mwaka 1810. Mwaka 1840, mu mji wa Vienna, Franz Schuh alifanya kwa kuchoma, bila kufungua kifua. Lakini wote hao walipita mbele ya kifua, karibu na mapafu, karibu na mishipa ya damu, na hawakuwa na cha kuwaonyesha ncha iko wapi. Ilikuwa ni kuchoma gizani.

Mwaka 1911 Mfaransa Antoine Marfan, mganga wa watoto, alieleza njia ya chini: sindano inaingia chini ya ncha ya mfupa wa kifua, inaelekezwa juu, inaufikia mfuko bila kupita mu mapafu. Wengi wanalijua jina la Marfan kwa ule ugonjwa wa watu warefu wenye vidole virefu. Kwangu mimi, njia hii ya sindano ilikuwa na faida kubwa kuliko jina la ugonjwa. Hata leo, mganga aliye peke yake usiku bila mashine, mgonjwa akiwa anaondoka, njia ya Marfan ndiyo inayomjia kichwani.

Upande mwingine kulikuwa na visu. Julai 1893, mu Chicago, kijana aliyechomwa kisu kifuani alifikishwa Provident, hopitali iliyoanzishwa miaka miwili mbele juu waganga na wauguzi Weusi walikuwa wanafungiwa milango kwingine. Daniel Hale Williams, mpasuaji Mweusi, alifungua kifua, akaona mfuko wa moyo umepasuka, akaushona. Mgonjwa aliishi miaka mingi baadaye. Kuna wanaobishana kama yeye alikuwa wa kwanza kabisa (mpasuaji mwingine wa Marekani, Dalton, alikuwa ameshona mfuko kama huo mwaka 1891), na ubishi huo siuoni una faida kubwa. Moyo wenyewe ulishonwa na mgonjwa akapona tarehe 9 Septemba 1896, mu Frankfurt: Ludwig Rehn, nyuzi 3 za hariri, mtunza bustani wa miaka 22. Tangu siku ile wapasuaji walijua kwamba damu iliyobana moyo inaweza kutolewa na tundu likafungwa, mtu akarudi nyumbani.

Kubaki kujua nani anahitaji msaada huo kabla hajafa, hiyo ilikuwa kazi ya macho na vidole. Mjerumani Kussmaul, mwaka 1873, alieleza mapigo yanayopotea mkononi mgonjwa anapovuta pumzi. Mwaka 1935 Claude Beck, mpasuaji wa Cleveland, Marekani, aliunganisha dalili tatu ambazo bado zinaulizwa kwenye mitihani yenu: shinikizo la damu liko chini, mishipa ya shingo imejaa, sauti ya moyo imefifia. Tazameni vizuri: dalili hizo hazitaki umeme. Zinataka mkono, sikio, na mtu anayekumbuka kuangalia shingo.

Mu mji huohuo wa Cleveland, tarehe 30 Oktoba 1958, katheta ya Mason Sones iliteleza ikaingia mu mshipa wa kulia wa moyo, na dawa ya kupigia picha ikamwagwa humo kwa bahati mbaya. Sones aliamini mgonjwa anakufa. Moyo ulisimama kwa sekunde chache, akamwambia mgonjwa akohoe, moyo ukarudi. Kwa bahati mbaya hiyo tulipata picha za mishipa ya moyo, ambazo bila hizo Grüntzig asingejua apeleke puto wapi. Miaka 29 mbele ya hapo, mu Eberswalde, kijana Werner Forssmann alikuwa amejipitishia katheta ya sentimeta 65 kutoka mkononi mpaka moyoni mwake mwenyewe, mkubwa wake akiwa amemkataza. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1956. Historia ya katheta iko hivi: bahati, ukaidi, na ujasiri ambao leo kamati yoyote ya maadili ingeukataa asubuhi na mapema.

Pamoja na katheta ilikuja dawa moja ambayo ndiyo kiini cha shida yetu. Waya na plastiki zikikaa mu mshipa, damu inaganda juu yake. Ili isigande, mgonjwa anapewa heparini, iliyogunduliwa mu Baltimore mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, kutoka kwenye maini ya mbwa. Ndiyo, mwanafunzi. Heparini inalinda katheta, lakini mshipa ukitoboka hakuna kitakachoganda kuziba tundu. Kinyume chake ni protamini, iliyotolewa kwenye mbegu za samaki. Uwezo wake wa kuzima heparini ulionyeshwa mwaka 1937. Kwa hiyo hata dawa ya kurudisha kuganda ilijulikana miaka 40 mbele ya puto la Zürich.

Baada ya 1977 mambo yalikimbia. Tarehe 28 Machi 1986, mu Toulouse, Jacques Puel aliweka stenti ya kwanza mu mshipa wa moyo wa binadamu, kale kasilinda kadogo ka wavu wa chuma kanakozuia mshipa usijifunge tena. Vikaja vifaa vya kukwangua, vya kusaga, vya kuchoma kwa leza. Kila kifaa kilifungua mishipa iliyokuwa imeshindikana, na kila kifaa kilitoboa. Mwaka 1994 Stephen Ellis na wenzake walichapisha hesabu ya operesheni 12,900 kutoka vituo 11: mishipa ilitoboka mara 62, yaani nusu ya mmoja kwa kila watu 100. Lakini puto la kawaida peke yake lilikuwa na 0.1 kwa 100, na vifaa vipya 1.3. Mara kumi na zaidi! Waliyagawanya matundu mu daraja tatu, kutoka mkwaruzo usiovuja hadi tundu linalomimina damu waziwazi. Wenye tundu la daraja la tatu, 63 kwa 100 walipata tamponadi, na 19 kwa 100 walikufa. Mpango wao wa daraja tatu bado ndio unaotumika.

Sasa, mshipa ukipasuka leo mu chumba cha katheta, wanafanya nini? Kitu cha kwanza ni kutotoa waya. Hofu inamwambia mganga avute kila kitu atoke. Akifanya hivyo amepoteza njia ya kurudi. Analijaza puto palepale kwenye tundu, taratibu, kuzuia damu isiendelee kutoka. Mwenzake anaweka maji mu mishipa na kuchukua ekografi kuangalia mfuko wa moyo. Shinikizo likianguka, sindano: njia ya Marfan, ama mahali popote ambapo ekografi inaonyesha damu iko karibu na ngozi. Mu mfuko wanaacha mrija mwembamba, na damu safi inayotoka inaweza kurudishwa mu mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Protamini inasubiri kidogo, juu ukizima heparini wakati waya bado uko ndani, mshipa mzima unaweza kuganda na umetoka kwenye hatari moja kuingia nyingine. Tundu kubwa linafunikwa na stenti yenye ngozi ya plastiki, aina ambayo Marekani iliiruhusu kwa dharura za namna hii mwaka 2001. Tundu dogo la mwisho wa mshipa, linalotobolewa na ncha ya waya, linazibwa na kisokoto cha chuma, ama hata kipande cha mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Yote yakishindikana, ni mpasuaji, kama kwa Rehn.

Hesabuni wenyewe. Sindano ni ya 1840, njia yake ya 1911, protamini ya 1937, mshono wa 1896. Ekografi ya moyo ilianza Sweden mwaka 1953 na Edler na Hertz. Mmarekani Feigenbaum akaitumia kuona maji kuzunguka moyo mwaka 1965. Hopitali ya Mayo, Marekani, ilianza kuiongoza sindano kwa ekografi mwaka 1979, na mu miaka 21 walifanya mara 1,127, wakafanikiwa mara 97 kwa 100. Kuchoma gizani kuliishia hapo. Kilichokuja baada ya Grüntzig ni sindano kuongozwa na ekografi na stenti yenye ngozi, basi.

Mnaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini huku? Yanatuhusu kwa njia ambayo wengi hawaitazamii. Mu Afrika yetu, aliyewafundisha waganga sindano ya moyo hakuwa Grüntzig, alikuwa kifua kikuu. Miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, waganga wa Kigali na wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliandika kuhusu wagonjwa waliokuja na maji mengi kuzunguka moyo: wengi wao walikuwa na virusi vya ukimwi, na kifua kikuu ndicho kilichokuwa nyuma yake. Kizazi kizima cha waganga na wauguzi kilijifunza kutambua shingo iliyojaa na kutoa maji. Baadaye profesa Bongani Mayosi wa Cape Town aliongoza utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,400 mu nchi 8 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, matokeo yakatoka mwaka 2014. Dawa iliyotegemewa sana, prednisoloni, haikupunguza jumla ya vifo, tamponadi na mfuko kukakamaa. Mayosi alifariki mwaka 2018, na mimi naona hajasomwa vya kutosha mu vyuo vyetu.

Kwa hiyo Kampala ilipopata chumba chake cha katheta kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda mwaka 2012, na Dar es Salaam ilipoanzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, kulikuwa tayari na mikono inayojua sindano. Tofauti ni mwendo tu. Maji ya kifua kikuu yanakupa siku ya kufikiri. Damu ya mshipa inakupa dakika.

Sasa tushuke Luberizi. Kwa asiyejua, ni kwenye uwanda wa Ruzizi, barabara ya taifa namba 5, kati ya Luvungi na Sange. Kupanda Bukavu ni kupitia Kamanyola na milima ya Ngomo, ama kuzunguka upande wa Rwanda kupitia Bugarama, na tangu vita vya 2025 safari yenyewe ni hesabu nyingine. Mtu wa Luberizi anayehitaji stenti ama kupasuliwa moyo, kama familia imeuza ng'ombe na kuchangishana, kwa kawaida anavuka mpaka: Kigali, Kampala, Nairobi, Dar, wengine India. Tunampigia picha uwanja wa ndege, tunaandika Mungu ni mwema. Kisha anarudi kijijini na mfuko wa dawa.

Hapa tutenganishe wagonjwa wawili. Aliyewekewa stenti, damu kuzunguka moyo ikitokea, mara nyingi inatokea palepale ama mu masaa ya kwanza: kitundu cha waya kinavuja polepole usiku, mgonjwa yuko wodini, na muuguzi wa zamu ndiye anayeona shinikizo linashuka. Mpaka afike Luberizi, hatari hiyo kwa kiasi kikubwa imepita. Dawa zake za kuzuia kuganda asiziache kwa shauri la jirani, juu stenti ikiganda inaweza kuleta kifo cha ghafla.

Wa pili ni aliyepasuliwa kifua, akapandikizwa mshipa mpya ama kubadilishiwa vali. Huyu damu inaweza kujikusanya siku ama wiki kadhaa baadaye, hasa akiwa kwenye dawa kali za kuzuia kuganda. Inakuja kimyakimya: uchovu, hamu ya chakula inaisha, pumzi fupi, mkojo unapungua, miguu inavimba. Mara nyingi damu imeganda nyuma ya moyo ambapo sindano haifiki, na dawa yake ni kurudi kwa mpasuaji.

Mu kituo cha afya, mgonjwa huyo anafanana kabisa na mtu ambaye moyo wake umechoka kawaida: anahema, shingo imejaa. Na mkono wa kila muuguzi unakwenda kwenye furosemidi, dawa ya kukojoza. Kwa tamponadi, hiyo ni kumpunguzia moyo hata kile kidogo unachojaa nacho, na shinikizo linaweza kuanguka palepale. Anachohitaji ni maji mu mshipa kwa kiasi, ekografi, na gari. Ekografi ile inayotazama watoto tumboni inaweza kuonyesha pia giza kuzunguka moyo, kama anayeishika amefundishwa kuiweka chini ya mbavu.

Na kuna kitu kidogo kuliko vyote, ambacho kwa maoni yangu kingeokoa watu kuliko hotuba za kuomba chumba cha katheta: karatasi ya kutoka hopitalini. Anayerudi kutoka Kampala ama India anabeba ripoti ya Kiingereza, kurasa sita. Muuguzi wa Luberizi alisoma kwa Kifaransa. Ripoti inakaa mu sanduku pamoja na kitambulisho. Mu chama chetu kuna waganga, kuna waliosoma tafsiri, kuna wenye kujua kompyuta. Ukurasa mmoja wa Kifaransa na Kiswahili unatosha: alifanyiwa nini, tarehe gani, anameza dawa gani za kuzuia damu isigande, akianza kuhema asipewe furosemidi mpaka moyo utazamwe kwa ekografi, na nambari ya simu ya mganga aliyemfanyia operesheni. Aliye tayari kushika kazi hiyo aandike jina lake hapa chini.